Jiko la Vifaranga Linapozimika Usiku

Leo tunaacha mahindi shambani, tuingie bandani kwa kuku. Tena si kwa kuku wakubwa, bali kwa vifaranga. Wala hatutazungumza juu ya chakula au chanjo. Tutazungumza juu ya jambo moja linaloua vifaranga wengi bila mwenyewe kulishuku, nalo ni jiko la mafuta ya taa linalozimika usiku watu wakiwa wamelala.

Nianze na kisa cha mama mmoja mfugaji. Mama huyu alinunua vifaranga 100 wa siku moja. Aliandaa chumba vizuri, akamwaga maranda ya mbao chini, akazungushia uzio wa kadibodi, na katikati akaweka jiko la tambi, lile ambalo wengi wetu tunaliita jiko la mchina. Saa kumi na mbili jioni akalijaza mafuta, akaliwasha, na moto ukawaka wa buluu safi. Akafunga mlango, akaenda kulala kwa amani.

Alfajiri alipofungua mlango, jiko lilikuwa baridi kama jiwe. Vifaranga walikuwa wamelundikana pembeni, mmoja juu ya mwenzake. Alipowatenganisha akakuta 31 wamekwisha kufa. Wengine wala hawakuuawa na baridi yenyewe. Walikosa pumzi chini ya wenzao waliokuwa wakitafuta joto.

Mama wa watu akafanya nini? Siku ile ile akabadili tambi zote, akanunua mafuta mapya dukani, na jiko akalihamishia upande mwingine wa chumba. Usiku wa kwanza jiko likawaka hadi asubuhi. Usiku wa pili vile vile. Akasema, haya, ugonjwa umepona. Usiku wa tatu jiko likazimika tena, na vifaranga 17 wakafa. Hapo ndipo alipokata tamaa na kusema, "Jiko hili lina shetani."

La hasha, ndugu yangu. Jiko halina shetani. Jiko lina sababu, na sababu hutafutwa kwa utaratibu. Kisa cha mama huyu tutakirudia baadaye, nawe utaona shetani alikuwa amejificha wapi.

Kwanza tuelewane kwa nini kifaranga anahitaji joto la kudumu usiku kucha. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, hajapata manyoya ya kumkinga. Mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto wenyewe. Kama angelelewa na mama yake, angeingia chini ya mbawa. Wewe uliyemnunua bila mama, wewe ndiye mbawa zake. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, likipimwa pale chini anapokanyaga, si juu ukutani. Kila wiki unalipunguza kwa nyuzi 3 hivi, mpaka atakapoota manyoya ya kutosha.

Kama huna kipimajoto, usihuzunike. Vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wakinywa, wengine wamelala, joto ni zuri. Wakikimbilia mbali na jiko, wakitanua mbawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijikusanya chini ya jiko huku wakilia kwa sauti kubwa, wanasikia baridi. Na wakijikusanya wote upande mmoja tu wa uzio, jua kwamba kuna upepo unaopenya kutoka upande wa pili.

Haya, sasa tuje kwenye jiko lenyewe.

Moto wowote, uwe wa kuni, wa taa, au wa tanuri kubwa la mafuta katika karakana ya fundi, unataka vitu vitatu. Unataka kitu cha kuungua, yaani mafuta. Unataka hewa. Na unataka joto la kutosha ili mafuta yageuke mvuke, maana kinachoungua ni mvuke wa mafuta, si mafuta ya majimaji. Kimoja kikikosekana, moto hufa. Kwa hiyo jiko likizimika, usiulize, "Nani kaniroga?" Uliza, "Ni kipi kimekosekana katika vile vitatu?"

Jiko la tambi halina pampu. Mafuta hupanda yenyewe ndani ya uzi wa utambi, kama vile chai inavyopanda ndani ya andazi ukilichovya ncha. Yakifika juu hupata joto, yanakuwa mvuke, na mvuke huo huchanganyika na hewa inayopenya kwenye vitundu vya yale mabati mawili ya duara, la ndani na la nje. Mchanganyiko ukiwa sawa, moto ni wa buluu, hauna moshi wala harufu kali. Hewa ikipungua au mafuta yakizidi, moto hugeuka njano na kutoa masizi.

Sasa swali la kwanza unalopaswa kujiuliza ni hili: jiko linazimika namna gani, na saa ngapi? Usilipuuze swali hili. Daktari haanzi kwa kukudunga sindano. Huanza kwa kukuuliza homa imeanza lini na inakuja saa ngapi. Nawe fanya vivyo hivyo kwa jiko lako.

Tuchukue namna ya kwanza. Jiko linawaka vizuri jioni, linalegea polepole kadiri usiku unavyokwenda, kisha linakufa. Namna hii ndiyo ya kawaida kabisa, na sababu zake ni nne.

Sababu ya kwanza ni mafuta kwisha. Utacheka, lakini wengi hawajui jiko lao linakunywa kiasi gani. Fanya hesabu hii mchana. Jaza tangi mpaka alama unayoijua. Washa jiko kwa moto ule ule unaoutumia usiku, liwake saa nne nzima. Lizime, lipoe, kisha lijaze tena mpaka alama ile ile ukipima kwa chupa. Tuseme imeingia nusu lita. Maana yake ni kwamba jiko linakunywa nusu lita kwa saa nne. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 12, kwa hiyo unahitaji lita moja na nusu. Kama tangi lako linachukua lita moja tu, litakauka saa nane usiku. Hapo hakuna ubovu wowote wa jiko. Kuna hesabu isiyofanywa.

Sababu ya pili inafanana na hiyo. Mafuta yapo, lakini yameshuka chini. Utambi hauwezi kuyavuta kutoka mbali kwa wepi ule ule wa tangi likiwa limejaa. Na kama tambi zako zimekatwa mara nyingi mpaka zimekuwa fupi, ncha zake haziligusi tena tako la tangi. Utaona tangi lina mafuta, ukitikisa unasikia yanacheza, lakini jiko limezimika. Tazama urefu wa tambi. Zinatakiwa zilale kidogo kwenye tako la tangi hata ukizipandisha.

Sababu ya tatu ni ukoko. Utambi unapowaka saa nyingi, ncha yake huungua na kufanya ukoko mweusi mgumu. Ukoko huo huziba njia ya mafuta. Kila siku asubuhi, jiko likiwa baridi, futa ncha za tambi kwa kitambaa kikavu, na zile zilizoungua sana zikate kwa mkasi, zote zilingane. Utambi mmoja ukizidi wenzake hutoa moshi, ukipungua hauwaki sawasawa.

Sababu ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote, nayo ni ukosefu wa hewa chumbani. Mfugaji anaogopa baridi, anaziba dirisha kwa gunia, anaziba chini ya mlango kwa matambara, hata tundu la panya analiziba. Jiko nalo linavuta hewa ile ile wanayovuta vifaranga. Hewa safi inapungua, moto unageuka njano, unadhoofika, na mwisho unazimika. Na kabla ya kuzimika, moto unaokosa hewa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haionekani kwa macho wala hainuki puani. Ukiingia chumbani ukaona vifaranga wamelegea na kusinzia ingawa kuna joto, nawe kichwa kikaanza kukugonga, usisimame kutafakari. Fungua mlango na dirisha, toka nje, na ngoja hewa ibadilike.

Ndugu mkulima, naomba unisikilize vizuri hapa. Usilale chumba kimoja na jiko la mafuta au la mkaa kwa nia ya kulilinda. Watu wazima hufa kwa njia hiyo, wanalala na hawaamki. Acha nafasi wazi juu ya ukuta, karibu na dari, pande mbili zinazotazamana. Hewa chafu yenye joto itatokea juu, na vifaranga walio chini hawatapigwa na upepo.

Kupima sababu hii ni rahisi. Moto ukianza kulegea, fungua mlango kwa dakika chache, usiguse kitu kingine. Moto ukirudi kuwa wa buluu na nguvu, umekwisha kupata jibu. Kilichokosekana ni hewa.

Sasa tuje namna ya pili. Jiko linatatarika, linarusha cheche ndogo, moto unarukaruka, tambi nyingine zinawaka na nyingine zinakataa. Hapo shuku maji ndani ya mafuta.

Maji na mafuta ya taa havichanganyiki. Mafuta ya taa ni mepesi, hukaa juu. Maji ni mazito, hukaa chini. Na ncha za tambi ziko wapi? Ziko huko huko chini. Utambi ukinywa maji, mafuta hayapati nafasi ya kupanda. Kuongeza mafuta juu yake hakutasaidia, maana maji yatabaki pale pale chini.

Namna ya kupima ni hii. Chukua chupa nyeupe ya kioo, safi na kavu. Mimina mafuta ya mwisho kabisa yaliyobaki kwenye tangi na kwenye dumu. Acha chupa itulie kwa saa moja, kisha itazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari, juu mafuta na chini kitu kingine kinachotembea peke yake ukiinamisha chupa, hayo ni maji. Ukiona na vumbi au kutu chini, hizo ni takataka, nazo huziba tambi.

Dawa yake ni kumwaga mafuta yote ya tangi kwenye chombo kingine, kulikausha tangi kwa kitambaa, na kuzitoa tambi uzianike juani mpaka zikauke kabisa. Kama zimekwisha kuwa ngumu na nyeusi, weka mpya. Mafuta uliyoyatoa yaache yatulie, kisha chukua yale ya juu polepole na kuyachuja kwa kitambaa kisafi. Yale ya chini kabisa usiyarudishe jikoni.

Namna ya tatu ni jiko linalotoa moshi na masizi na harufu kali, moto ukiwa wa njano. Huenda halizimiki, lakini joto lake ni dogo, na moshi unaumiza macho na vifua vya vifaranga. Anza na rahisi. Je, umepandisha tambi kupita kiasi? Zishushe kidogo. Je, yale mabati mawili ya duara yamekaa sawasawa mahali pake, au yamepinda na kuacha upenyo? Yazungushe kulia na kushoto mpaka yakae. Je, vitundu vyake vimezibwa na masizi? Yasugue kwa brashi ngumu jiko likiwa baridi, kisha tazama vitundu kwenye mwanga. Kila kitundu ni pua ya kupumulia.

Tena kuna kosa moja ambalo wafugaji wengi hulifanya kwa nia njema. Wanataka joto lisambae, kwa hiyo wanaweka karai au bati juu ya jiko. Wazo ni zuri. Lakini ukiliweka karai chini mno mpaka likaufunika moto, unaliziba jiko koo. Liinue juu ya mafiga au vyuma, hewa chafu ipate njia ya kutokea pembeni.

Kama umekagua hayo yote na moshi bado upo, shuku mafuta yenyewe. Wako wauzaji wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Dizeli ni nzito, haipandi vizuri kwenye utambi, na huacha ukoko upesi. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone la mafuta unayoyaamini, na pembeni yake tone la mafuta unayoyashuku. Iache karatasi mahali penye hewa, mbali na moto. Tone la mafuta ya taa safi litakauka na kufifia. Lenye dizeli nyingi litaacha doa la mafuta linalokaa muda mrefu.

Biashara ya kuchanganya mafuta si hadithi. Kwa miaka mingi wako waliochanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli, kwa sababu yalikuwa ya bei ndogo. Ndiyo maana mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, na Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili faida ya mchezo huo iishe. Kwetu sisi wafugaji maana yake ni kwamba kila tone lina gharama, na jiko linalotoa moshi linakula fedha yako mara mbili.

Lakini lililo baya zaidi ni petroli. Dizeli hukuletea moshi, petroli hukuletea msiba. Mvuke wa petroli hushika moto hata wakati wa baridi kali, na tangi la jiko linaweza kulipuka. Mafuta ya taa yana harufu yake unayoijua. Ukifungua dumu ukasikia harufu ya petroli, usijaribu, usiseme "kidogo tu." Yarudishe. Wala usihifadhi mafuta ya taa katika dumu lililowahi kutiwa petroli.

Namna ya nne ni jiko linalozimika ghafula, moto ulikuwa mzuri na dakika ile ile haupo. Mara nyingi huo ni upepo. Washa mshumaa mchana, upeleke pale jiko linapokaa, kimo cha moto wake, uone mwali unainama upande gani. Fuata upande upepo unakotoka, utakuta ufa au upenyo wa mlango. Ziba huo wa chini, acha ule wa juu. Usichanganye mambo haya mawili. Hewa ya juu ni uhai, upepo wa chini ni adui.

Utaniuliza, je, yale majiko ya pampu? Majiko hayo ya kupiga pampu, yaliyobuniwa huko Sweden na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892, yana moto mkali, lakini si mazuri kwa kulea vifaranga. Presha hupungua, nawe utaamka kupiga pampu usiku kucha. Kama huna budi kulitumia, ujue magonjwa yake mawili makubwa. La kwanza ni kitundu cha kutolea mvuke kuziba, na hicho huzibuliwa kwa sindano yake maalumu. La pili ni ngozi ya pampu kukauka. Ukipiga pampu ukaona haisukumi, itoe ngozi hiyo, ipake mafuta ya kulainisha mpaka iwe laini, kisha irudishe.

Basi sasa turudi kwa yule mama. Unakumbuka alifanya nini siku ya kwanza? Alibadili tambi, akabadili mafuta, na akahamisha jiko. Mambo matatu kwa mpigo. Jiko lilipowaka usiku mbili, hakujua ni kipi kilichomponya. Na kwa kweli hakuna hata kimoja kilichomponya.

Shetani alikuwa ndani ya dumu. Dumu lake la mafuta lilikaa nje chini ya upenu wa nyumba, kifuniko kimepasuka. Mvua ikinyesha, maji yalichuruzika ndani. Mafuta mapya aliyoyanunua aliyamimina ndani ya dumu lile lile la zamani. Usiku wa kwanza na wa pili alitumia mafuta ya juu, ambayo hayakuwa na shida. Jioni ya tatu akaliinamisha dumu ili apate yale ya mwisho, na yale ya mwisho yalikuwa na maji. Tambi mpya zikanywa maji kama zilivyokunywa zile za zamani. Laiti angeimimina ile ya mwisho kwenye chupa ya kioo asubuhi ya kwanza, angeona mstari wa maji, na wale 17 wangekuwa hai.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, shika kanuni hii: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tazama. Ukibadili vitu vitatu, jiko likipona hujui dawa, na likiugua tena unaanza upya. Haraka haraka haina baraka. Chukua daftari la mtoto, andika saa uliyojaza mafuta, kiasi ulichotia, rangi ya moto kila ulipoamka kutazama, na saa lilipozimika. Baada ya usiku mitatu daftari hilo litakuambia mambo ambayo hata fundi hawezi kukuambia.

Na jambo jingine. Usijaribu jiko kwa mara ya kwanza usiku ule vifaranga wamefika. Liwashe siku tatu kabla. Liache liwake usiku mzima ndani ya chumba kile kile, uzio na maranda vikiwa mahali pake, nawe uamke mara mbili au tatu kulitazama. Likizimika usiku huo, umepoteza usingizi tu. Likizimika vifaranga wakiwamo, umepoteza mtaji.

Pamoja na hayo, usitegemee moto mmoja. Uwe na majiko mawili, hata kama la pili ni dogo. Usiku jiko la kwanza likikaribia kumaliza mafuta, washa la pili, ulitoe la kwanza nje, lipoe, ndipo ulijaze. Kamwe usimimine mafuta ndani ya jiko linalowaka au lenye joto bado. Kila jiko liweke juu ya matofali au sinia la mchanga, na ulizungushie wavu wa chuma ili maranda na vifaranga visilifikie. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu na mlango. Mafuta yakishika moto usimwagie maji, maana mafuta yataelea juu ya maji na kuusambaza moto. Mwaga mchanga.

Na ikiwa umechelewa, umeamka saa tisa usiku, jiko limekufa na vifaranga wanalia, ufanye nini? Usianze kulifungua jiko gizani. Waokoe vifaranga kwanza. Wakusanye ndani ya boksi la kadibodi au kapu lenye nguo kavu, wachache wachache wasikandamizane. Chemsha maji, yatie ndani ya chupa, zifunge kwa kitambaa kizito au gunia, uziweke kati yao, na ufunike juu kwa nguo nyepesi inayopitisha hewa. Yule aliyepoa kabisa mtie mikononi, umpe joto la mwili wako. Akianza kusimama, mpe maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Wengi wanaoonekana wamekufa bado wana roho, usiharakishe kuwatupa. Kukipambazuka ndipo ulichukue jiko nje, kwenye mwanga, ufuate utaratibu wetu.

Utaratibu huo nitaurudia kwa ufupi, uuandike na kuubandika kwenye mlango wa banda. Kwanza uliza, limezimika saa ngapi na kwa namna gani? Pili tazama hewa. Tatu tazama kiasi cha mafuta. Nne tazama maji na takataka kwa chupa ya kioo. Tano tazama tambi, urefu wake na ukoko wake. Sita tazama mabati na vitundu vyake. Saba tazama upepo. Na katika yote hayo, badili kimoja tu, kisha ungoje uone.

Ukikwama, mwite Bwana Mifugo wa kata yako akuangalilie vifaranga, na mwite fundi wa majiko akuangalilie jiko. Lakini uwakabidhi daftari lako pia. Mgonjwa anayeweza kueleza ugonjwa wake hutibiwa upesi.

Yule mama, kwa taarifa yako, alibakiwa na vifaranga 52 katika wale 100. Alinunua dumu jipya lenye kifuniko kizima, akaliweka ndani, juu ya ubao. Aliwalea wale waliobaki mpaka wakataga. Jiko ni lile lile alilosema lina shetani, na mpaka leo analo.

Nakutakia kazi njema, ndugu mkulima, na usiku wenye joto bandani mwako. Kwaheri mpaka tutakapokutana tena.